Mtihani wa Haki Humlinda Mgonjwa
(Maneno ya Mfamasia wa Wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata)



Nimekuja kujibu swali ambalo wazazi kadhaa wameniuliza: kwa nini kijana aliyesomeshwa kwa fedha za mazao ameanguka mtihani wa utoaji dawa, na hakuna wa kumsaidia?

Nawapa mfano. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi. Wa kilo 16 hupewa vidonge 2. Dozi ni 6 kwa siku 3, na ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza. Mtoa dawa anayekisia kwa macho bila mizani atampunja mtoto mmoja na kumzidishia mwingine. Alama za bure tutakazompa leo, kesho zitalipwa na mtoto wa jirani. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Lakini haki ina pande mbili. Mwanafunzi hana haki ya kuongezewa alama. Ana haki ya kufundishwa na mwalimu mwenye sifa, kufanya mazoezi chini ya msimamizi, kupimwa kwa kipimo kile kile anachopimwa mwenzake, na karatasi yake kusahihishwa kwa namba, si kwa jina. Akianguka, aelezwe alipokosea, kisha apewe nafasi ya kurudia. Chuo kinachopokea ada bila kufundisha, kisha kikamlaumu mwanafunzi, kinamdhulumu yeye na mgonjwa pia.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelikabidhi Baraza la Famasi jukumu la kusimamia taaluma hii. Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Mzazi, kabla ya kulipa ada, hakikisha kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET. Mgonjwa, uingiapo katika duka la dawa muhimu, uliza bila kuona haya: nani anayenihudumia, na amesomea wapi? Mama, mtoto wako asipopimwa uzito, omba apimwe.

Kijana aliyefaulu kwa haki hataliogopa swali hilo. Atalijibu kwa fahari.