Kanuni Zinazofutika kwa Saini: Marekani na Udhibiti wa Droni za Kivita



Katika mijadala yetu ya usalama, swali linalorudi kila mara ni kama Marekani inakubali droni zake za kivita zidhibitiwe. Kanuni za udhibiti zipo. Ninaloomba tulitazame leo ni nani anazishika. Kwa zaidi ya miaka 20 zimekaa mikononi mwa rais aliyeko madarakani, na sisi wa Pembe ya Afrika na pwani hii tunaishi chini ya kanuni tusizoziandika, ambazo saini moja huzileta na saini nyingine huziondoa.

Novemba 2002 droni ya CIA ililipua gari nchini Yemen na kumuua Abu Ali al-Harithi, aliyetuhumiwa kuhusika na shambulio dhidi ya meli ya kivita USS Cole. Kuanzia hapo mashambulizi ya namna hiyo yaliendelea nje ya viwanja vya vita kwa takriban miaka kumi pasipo masharti yaliyowekwa wazi mbele ya umma. Mei 2013 Rais Barack Obama aliyatangaza: mlengwa awe tishio endelevu kwa Wamarekani, isiwezekane kumkamata, na pawe na karibu uhakika kamili kwamba hakuna raia atakayedhurika. Mwaka 2016 alitoa amri nambari 13732, iliyoitaka serikali itangaze kila mwaka idadi ya waliouawa. Hesabu ya kwanza ilisema kwamba mashambulizi 473 ya kati ya 2009 na 2015 yaliua raia kati ya 64 na 116. Mashirika huru yaliipinga kuwa ndogo mno, na kwa maoni yangu yalikuwa na haki. Hata hivyo, palikuwa na namba ya kubishania.

Machi 2017 Rais Donald Trump aliidhinisha sehemu za Somalia zihesabiwe kuwa eneo la mapigano, na masharti yale yakalegea. Machi 2019 alikifuta kifungu cha kutangaza idadi ya waliouawa. Oktoba 2022 Joe Biden alirudisha masharti makali zaidi; mwaka 2025 Trump, aliporejea madarakani, akayalegeza tena. Katika mabadiliko ya 2019 na baadaye, wajibu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuripoti raia iliowaua uliendelea kuwapo, kwa kuwa uliwekwa na sheria ya Bunge lao.

Naomba tukae kidogo Somalia, maana huko ndiko maneno haya yanakogusa miili ya watu. Tarehe 1 Aprili 2018 droni ya Marekani ilishambulia gari karibu na El Buur, mkoani Galguduud. Kamandi ya Marekani ya Afrika, AFRICOM, ilitangaza kwamba magaidi watano wameuawa na hakuna raia aliyedhurika. Waliokufa ni pamoja na mama na bintiye wa miaka minne. Mwaka mzima ulipita. Machi 2019 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya matukio mengine matano ambayo, kwa uchunguzi wake, yaliua raia 14. Ripoti hiyo na maswali ya wabunge wa Marekani viliilazimisha kamandi ipekue upya kumbukumbu zake, na Aprili 2019 ikakiri vifo vya raia wawili wa El Buur. Ikabainika pia kwamba ndani ya jeshi vifo hivyo vilikwisha kujulikana, ila taarifa haikufikishwa makao makuu ipasavyo.

Bunge la Marekani liliidhinisha hadi dola milioni 3 kwa mwaka za kuwapoza wafiwa katika matukio kama haya. Familia ile ya El Buur iliendelea kudai kwa miaka bila kulipwa. Ruhusa ya kulipa si amri ya kulipa, na mfugaji wa Galguduud hana mahakama ya kwenda kuidai.

Kuhusu biashara ya silaha nitasema machache. Mpango wa Kudhibiti Teknolojia ya Makombora ulianzishwa mwaka 1987, hasa kuzuia makombora ya nyuklia yasienee, nao ukajumuisha droni zenye uwezo wa kubeba kilo 500 umbali wa kilomita 300. Julai 2020 Marekani ilitangaza kwamba yenyewe itazihesabu droni zenye kasi chini ya kilomita 800 kwa saa kuwa za kundi lenye masharti mepesi. Mwaka 2016 iliongoza tamko la pamoja kuhusu uuzaji na matumizi ya droni zenye silaha, likaungwa mkono na nchi zaidi ya 40. China, Urusi na Israel hazikuwamo. Tamko hilo halimfungi yeyote kisheria. Wakati huohuo Bayraktar TB2 ya Uturuki, isiyofikia kiwango cha kilo 500, imeshaingia katika majeshi kadhaa ya Afrika, likiwemo la Ethiopia.

Wapo watakaosema nchi ndogo hazina sauti katika jambo hili. Sikubaliani nao. Marekani inahitaji ardhi yetu: Chabelley nchini Djibouti, Manda Bay kule Lamu. Nasi tunabeba hatari kwa kuitoa. Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia Manda Bay na kuua Wamarekani watatu. Septemba 2023 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya ulinzi ya miaka mitano. Mwaka huohuo, mkataba wa ulinzi na Uingereza ulipofika bungeni Nairobi, wabunge walidai askari Mwingereza anayetuhumiwa kwa mauaji ahukumiwe Kenya. Waliweza kudai hilo kwa sababu mkataba ulipitia mikononi mwao.

Makubaliano ya Kenya na Marekani yanaisha 2028. Kabla ya kuhuishwa, naomba semina hii iwaandikie wabunge wa Kenya, Somalia na Djibouti iwatake wadai mambo matatu yaandikwe ndani ya mikataba ya nchi zao na Marekani: nchi mwenyeji ijulishwe kila shambulio linaloanzia kwenye ardhi yake, uchunguzi wa vifo vya raia uwahusishe wachunguzi wa nchi walikofia, na fidia iwe wajibu wenye muda maalumu wa kulipwa. Muda uliobaki wa kuandaa barua hiyo si mrefu.