Kitubio na Mali ya Wenyewe
(Dominika ya 31 ya Mwaka C)



Injili ya Dominika hii, kutoka Luka sura ya 19, inatupeleka Yeriko. Tunamwona Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, mtu tajiri na mfupi wa kimo, amekwea mkuyu ili amwone Yesu akipita. Wengi wetu tunaikumbuka habari hii kwa sababu ya ule mti. Leo tungependa kuutazama zaidi mfuko wake.

Zakayo aliposimama mbele ya Bwana hakuishia kusema kwamba anasikitika. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake iwaendee maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hesabu hiyo ina uzito wake. Torati, katika Kitabu cha Hesabu sura ya 5, ilimtaka mkosaji anayeungama arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Malipo ya mara nne, tunayoyasoma katika Kitabu cha Kutoka, yalimpasa mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Basi Zakayo alijihukumu kwa sheria ya mwizi, wala hapakuwa na hakimu wa kumlazimisha.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba alinunua msamaha. Yesu alikwisha kumwita kwa jina na kutaka kukaa nyumbani mwake, hata watu wakanung'unika, kabla hajatoa senti moja. Neema ilitangulia, malipo yakafuata.

Hapa ndipo sisi Wakristo tunapojikwaa katika Sakramenti ya Kitubio. Tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tunajua kuyataja yote: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padre, kutimiza malipizi. Lakini hilo la mwisho tumelifanya jepesi mno. Tunapewa Salamu Maria tatu, tunazisali kabla ya kutoka kanisani, na tunaona shauri limekwisha. Na ile alama ya mpaka tuliyoisogeza katika shamba la mjane? Ingali pale pale tulipoihamishia. Padre ametuondolea dhambi kwa uwezo wa Kristo, na hilo ni kweli kabisa. Mjane naye bado analima kipande kilichopungua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalifundisha jambo hili waziwazi katika namba 1459: maondoleo huifuta dhambi, ila hayatengenezi yote yaliyoharibika kwa ajili yake. Haki yadai kilichoibwa kirudi kwa mwenyewe, na aliyesingiziwa arudishiwe jina lake jema.

Wengine huuliza: Nikirudisha, si nitajulikana kuwa mwizi? Ni swali la haki. Kanisa halimdai mtu ajitangaze. Aliyosikia padre katika maungamo yamefungwa kwa siri asiyoweza kuifungua hata akitishwa kwa kifo. Naye aliyeiba aweza kurudisha kwa faragha, hata kwa mkono wa mtu mwingine aliye mwaminifu. Mwenye mali akiwa amekufa, warithi wapo. Asipojulikana kabisa, wapewe maskini. Asiye na kitu leo na aanze kidogo kidogo, mradi nia yake iwe ya kweli. Mungu hamdai mtu asichokiweza.

Jina la mtu ni gumu zaidi kurudisha. Ng'ombe wa wizi huweza kurudishwa kwa kamba usiku, lakini uvumi uliokwisha kupita kisimani, sokoni na katika jumuiya nzima, nani ataufunga kamba? Aliyemsingizia mweka hazina wa jumuiya kwamba amekula michango hana budi kuwaendea wale wale aliowaambia, akawaeleza kwamba halikuwa neno la kweli. Hapo faragha haitoshi, na tunajua jinsi inavyochoma.

Kwenu makatekista tuna ombi. Mnapowatayarisha watoto kwa maungamo yao ya kwanza, waongezeeni swali moja: Je, umekirudisha? Mtoto aliyechukua kalamu ya mwenzake huelewa upesi, pengine kuliko sisi wakubwa, kwamba akitoka kuungama kalamu ile haiwezi kubaki mkobani mwake.