Mipira Miwili ya Hita
(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati iliniomba nizungumzie "maisha baada ya shule". Nimeona kwamba wenzangu walio wakurugenzi na maafisa watayaeleza hayo vizuri kuliko mimi, mkulima wa mpunga wa Mngeta. Naomba basi nizungumzie mipira miwili iliyomo ndani ya boneti ya pikapu yangu, ambayo unene wake ni kama wa kidole gumba. Naona huko nyuma mmeanza kucheka. Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nikiicheka.

Nani Ifakara anahitaji hita? Mtu wa Makambako au wa Njombe, sawa. Asubuhi ya Julai kioo chake kimejaa ukungu na vidole vimekufa ganzi. Sisi wa Bonde la Kilombero hutafuta upepo, hatutafuti moto. Kwa hiyo fundi aliponiambia mwaka 2009 kwamba mipira ya hita imechakaa, nilimjibu, "Iache, hita yenyewe sijapata kuiwasha."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka vijana mnielewe. Hita ya gari haina moto wake. Huazima joto la maji ya injini. Mpira mmoja huyatoa maji ya moto kwenye silinda hedi na kuyapeleka kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mpira wa pili huyarudisha upande wa pampu. Ukifunga hita, maji hayaihami mipira hiyo. Yanabaki humo, yana moto uleule na shinikizo lilelile la rejeta kubwa. Na shinikizo hilo si mchezo. Maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 100, lakini chini ya kifuniko cha rejeta kinachozuia shinikizo la 0.9 hufika karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Mpira mmoja ukipasuka, maji yote ya injini yana mlango wa kutokea.

Ilikuwa Mei 2011, usiku, wakati wa mavuno. Jirani alinigongea: "Mzee, tusaidie gari, mke wangu ameshikwa na uchungu tangu mchana." Tukaondoka kwenda Ifakara hospitali, mama mjamzito na mkunga wa kijiji mbele pamoja nami, mume nyuma juu ya magunia. Barabara ilikuwa ya udongo na mashimo yamejaa maji. Tulipopita Mbingu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Yule bibi mkunga akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." Nikapunguza mwendo, nikatazama mshale. Ulifika karibu na alama nyekundu, halafu ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Nikamwambia, "Mama, limeshapoa." Nikakanyaga mafuta.

Vijana wa fizikia, elezeni kwa nini mshale ulishuka. Kile kipimo hukaa ndani ya maji na hupokea joto la maji. Maji yakiisha, kipimo kinabaki kwenye mvuke na hewa, ambavyo haviwezi kukipasha joto kama maji yalivyofanya. Injini inaungua, mshale unasema ni baridi. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, zima injini hapo hapo. Mimi nilikwenda kilometa nne hivi zaidi, injini ikagonga mara mbili tatu, ikakamata. Kimya. Tulisikia vyura tu.

Tulikaa pale saa moja na nusu mpaka lori la mpunga lilipopita na kumchukua yule mama. Mtoto alizaliwa salama alfajiri, wa kiume. Baba yake hajapata kunilaumu hata siku moja, na nadhani ndiyo sababu sijaweza kulisahau jambo hili. Silinda hedi ilikuwa imepasuka kati ya vali. Niliuza magunia 30 ya mpunga, na gari lilikaa juu ya mawe msimu mzima. Mipira yenyewe, wakati ule, ilikuwa na bei ya kuku wawili.

Tangu hapo kazi hiyo naifanya mwenyewe nyumbani, chini ya mwembe. Wenzangu wa miaka ya sabini mtakumbuka Elimu ya Kujitegemea: tulilima, tulifuga, tulishika spana. Nashangaa jinsi nilivyoyaacha hayo yote getini siku niliyomaliza kidato cha nne.

Injini iwe imelala usiku kucha. Asifungue mtu kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto; nimeona uso wa kijana aliyefanya hivyo. Maji yafungulie chini, kwenye beseni, na kama yana kulanti usiyaache uani, maana ile ni tamu na ni sumu. Mbuzi, mbwa na mtoto wote huipenda. Legeza klipu kwa bisibisi. Sasa subira. Mpira wa zamani huganda kwenye bomba, na mabomba ya ile rejeta ndogo ni membamba, ya shaba. Ukivuta na kupindua kwa nguvu utayang'oa, na hapo utaifungua dashibodi nzima. Mimi huupasua mpira kwa kisu taratibu, kwa urefu wake, kisha naumenya kama muhogo.

Mpira mpya uwe wa maji ya moto, wenye nyuzi ndani ya ukuta wake. Mpira wa bustani hulainika, na tyubu ya baiskeli iliyofungwa waya itakufikisha Kibaoni tu. Pima bomba kwanza. Langu ni inchi tano ya nane. Safisha kutu kwa msasa, paka maji ya sabuni, usipake grisi wala oili, maana huvimbisha mpira. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa bomba. Mpira usijikunje, wala usiguse bomba la moshi.

Ukijaza maji, hita iwe imefunguliwa kwenye moto kabisa ili hewa itoke, injini ikiunguruma polepole. Shika mipira: yote miwili ikiwa ya moto, maji yanazunguka. Kesho yake kaza klipu tena, ongeza maji.

Wapo mafundi watakaokushauri uiondoe hita kabisa na kuyaunganisha mabomba kwa kipande kimoja. Sikubali. Agosti 2023 nilipeleka mchele Iringa, na katikati ya mlima Kitonga mshale ukaanza kupanda. Nikafungua hita yote na feni yake, nikafungua madirisha, nikatokwa jasho kama mwali jikoni. Ile rejeta ndogo ikaisaidia kubwa. Mshale ukashuka, na safari hii ulishuka kwa haki. Nilisimama juu, nikasubiri ipoe, nikakagua, maji yalikuwemo.

Jambo moja zaidi. Mpira huoza kutoka ndani. Nje utauona mweusi na mzuri. Ubinye ukiwa baridi, hasa karibu na klipu: ukisikia unakatika-katika kama ganda, au umelegea kama ndizi iliyoiva sana, siku zake zimekwisha.

Pikapu yangu iko pale nje, karibu na jiko la shule. Imesimama tangu jana jioni, kwa hiyo imepoa. Baada ya chakula nitafungua boneti, na mipira ya zamani niliyoitoa mwezi uliopita nimekuja nayo kwenye mfuko, mje muibinye. Walimu wenye magari nao wanakaribishwa.