Gia Zinaposaga

Krrr! Msikilizaji, ukiusikia mlio huo unapoingiza gia, usilazimishe. Zima injini, kisha pitisha gia zote. Zikiingia laini, lakini ukiwasha zinasaga tena, anza na klachi: huenda haiachii sawasawa. Kama inatumia mafuta ya breki, tazama kikopo chake. Yakipungua, huenda kuna mahali panavuja. Kama ni ya waya, labda umelegea tu, na kuukaza si kazi kubwa.

Ikisaga namba mbili peke yake, mara nyingi pete ya sinkronaiza imelika. Hapo, pole, giaboksi itashushwa.

Rivasi? Magari mengi ya zamani hayana pete hiyo upande huo. Simama kabisa, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu. Na oili ya gia iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, si iliyobaki gereji.