Mto Uliochukuliwa na Maradhi Yaliyofuata



Husemwa mara nyingi kuwa makabila fulani yana damu dhaifu, ndiyo maana maradhi huwaandama kuliko watu wengine. Napenda tuipime kauli hiyo kwa habari za wenyeji wa asili wa Arizona, nchini Marekani, ambao wengi huwaita Wapima. Wao wenyewe hujiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mto.

Mto huo ni Gila. Kwa karne nyingi waliuchimbia mifereji, wakalima mahindi, maharage na maboga katikati ya jangwa. Baadaye walilima na ngano, na katika karne ya 19 ngano yao iliwalisha wasafiri na askari wa Marekani waliopita huko. Kisha walowezi wakakaa upande wa juu wa mto, wakayageuzia maji kwenye mashamba yao. Kufikia miaka ya 1890 mashamba ya wenyeji yalikuwa makavu, na njaa imeingia. Hatimaye serikali ikawapa posho ya unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Mkulima aliyeshinda na jembe akawa mtu wa kungojea mgao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kisukari kilikuwa nadra kwao. Kabla karne haijaisha, walikuwa miongoni mwa watu wanaougua zaidi ugonjwa huo duniani.

Mwaka 1962 mtaalamu James Neel alitoa dhana kwamba miili iliyorithi uwezo wa kuhimili njaa hudhurika ikipata shibe ya kudumu. Wengi waliishika dhana hiyo, na habari ya mto ikasahauliwa. Sikatai kuwa urithi una sehemu yake. Lakini Wapima wana jamaa zao milimani Mexico, waliokuwa bado wakilima kwa mikono na kula maharage, mahindi na viazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona, na kwa asilimia 6.9 tu ya jamaa zao hao. Je, damu ilibadilika kwenye mpaka?

Sheria ya mwaka 2004 iliwarudishia sehemu kubwa ya haki ya maji, baada ya madai ya miaka mingi. Wakati huo wengi walikwisha kupoteza figo, macho au miguu.