Heshima ya Kumpisha Mwenzako



Wazee wetu, akina mama na vijana wa Kansay, leo tulitazame neno tulitumialo kila siku bila kulipima: kupisha. Tukikutana njiani na mtu aliyejitwika kuni, sisi tusio na mzigo ndio tunaokaa pembeni. Hakuna adhaniye kwamba tumeshindwa.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, wachungaji wa Abramu na wa Loti waligombania malisho. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye haki ya kutangulia. Hata hivyo akamwachia mtoto wa ndugu yake achague kwanza. Loti akalitwaa bonde lenye maji. Sisi tuishio kati ya wakulima Wairaqw, wafugaji Wadatoga na Wahadzabe wa Bonde la Eyasi twaielewa habari hii pengine kuliko waisomao mjini.

Angalieni lakini: aliyepisha ni yule aliyeweza kukataa. Ndugu zetu Wahadzabe, waishio kwa mawindo, mizizi, matunda na asali, wamesogezwa miaka mingi na mashamba pamoja na mifugo yetu. Hiyo siyo kupisha, ni kusukumwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, walipewa hati za pamoja za hakimiliki ya kimila. Hati ni karatasi. Nguvu yake hupatikana pale jirani mwenye ng'ombe wengi anapokubali kuwazuia.

Hapa nyumbani liko jambo zito zaidi. Mume akifa, mara nyingine mashemeji huja kwa maneno laini: "Mama, uwe na heshima, utuachie shamba la ukoo." Neno heshima hapo limegeuzwa jembe la kung'olea mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, yasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyohiyo yataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, watatu kati yao wanawake.

Wapo watakaosema twavunja mila. Mila hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha kumpisha mwenye mzigo. Na katika ukoo, ni nani mwenye mzigo kumpita mjane mwenye watoto wadogo? Mashemeji ndio wakae pembeni.

Basi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tunawaomba jambo moja kabla hamjarudi makwao. Kila jumuiya iwatembelee wajane wake, iulize shamba liko mikononi mwa nani, na kama mpaka umehamishwa, nani alikuwapo. Asiyeweza kwenda barazani peke yake asindikizwe na watu wawili, mmoja wao mzee wa ukoo wa marehemu. Tukianza na mzee huyo, hata kama atakuja shingo upande, shauri litakuwa limefika nusu ya njia.