Mzabibu Usiolala: Dodoma, Naivasha na Bonde la Kerio

Mhadhara wa umma, Eldoret



Katika kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sicily na Tunisia, mzabibu hupandwa ndani ya kishimo na kupogolewa ubaki mfupi, upepo wa bahari upite juu yake. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Hata hivyo, kazi moja kubwa mkulima wa kule haifanyi: kuulaza mti. Baridi ikifika, majani hupukutika, mzabibu hulala, kisha huchipua na kuzaa mara moja kwa mwaka.

Huku kwetu baridi hiyo haipo. Anayeuamuru mzabibu upumzike na kuamka ni mkulima mwenye mkasi.

Dodoma imelithibitisha jambo hilo tangu wamisionari Wakatoliki walipopanda zabibu Bihawana mwaka 1957. Mkulima wa Hombolo, huko huko Dodoma, akishapogoa, shamba zima huchipua kwa pamoja, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa vimeiva. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili: Februari au Machi, na tena Agosti au Septemba. Mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya kwanza hukomaa mvua ikinyesha, maji yakazimua sukari, na magonjwa ya ukungu yakaenea majanini. Ya pili hukomaa kiangazi, nayo ndiyo yenye utamu.

Utamu huo si wa kupendeza ulimi tu. Hamira huila sukari na kuigeuza kileo: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kileo. Anayetaka mvinyo wa asilimia 12 anahitaji zabibu zenye gramu 200 hivi kwa lita. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda, maana rangi imo humo. Mweupe hukamuliwa kwanza. Yote mawili hufanyika ndani ya matangi yanayopozwa, na kupoza kunataka umeme usiokatika.

Kenya nayo haiko nyuma kabisa. Pale Naivasha, shamba la Morendat hutoa mvinyo wa Leleshwa, wenye jina la kichaka kinachojulikana sana kule Bonde la Ufa.

Na Eldoret je? Hapa mjini, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi na jua la kukomaza zabibu ni haba; mahindi na ngano vimepata kwao. Lakini ukipita Iten na kuteremka Tambach, joto linakupokea. Sakafu ya Bonde la Kerio iko mita elfu moja na ushei, karibu sawa na Dodoma, na ni kavu. Zaidi ya hayo, Wamarakwet wamekuwa wakiteremsha maji ya mito ya ukingoni kwa mifereji yao kwa karne kadhaa. Maji ya kiangazi, ambayo Dodoma huyatafuta kwa visima na umwagiliaji wa matone, kule yana njia tayari.

Kwa hiyo maji na hewa si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni siku ya mavuno. Gunia la mahindi hungoja bei ghalani. Kichala cha zabibu hakingoji hata wiki. Dodoma, viwanda visiponunua zabibu zote, wakulima na wasindikaji wadogo huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, na aliyekosa hata njia hiyo huuza kwa bei ya kutupa. Mkulima wa maembe wa Kerio anaifahamu hasara hiyo vizuri.

Serikali za kaunti za Elgeyo Marakwet na Baringo, pamoja na vyuo vikuu vya hapa Eldoret, zianze basi na shamba dogo la majaribio na mtambo mdogo wa kukamulia, kabla mche hata mmoja haujauzwa kwa wakulima.